Kumwombea mzee msaada wa serikali wa matunzo: mwongozo kwa familia za Dodoma na mikoa ya kati

Mzee anapofika hatua ya kushindwa kujichotea maji, kujipikia au kwenda zahanati peke yake, familia huanza kuulizana serikali inasaidia nini na msaada huo unaombwaje. Swali hilo nimelijibu mara nyingi kwa ndugu na majirani tangu nilipomhudumia mama yangu mkubwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, na kila mara nalazimika kuanza na jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Tanzania Bara haina malipo ya serikali kwa ajili ya kumtunza mzee nyumbani. Hakuna fomu utakayoijaza ili upewe fedha za kumlipa mtu wa kumwogesha mzee, kumpikia uji na kulala naye chumba kimoja usiku. Kilichopo ni misaada ya vipande vipande: matibabu bila malipo, ruzuku ya kaya maskini, makazi ya wazee kwa asiye na mtu, na pensheni kwa aliyewahi kuajiriwa. Kila kipande kina ofisi yake na masharti yake, lakini ukiondoa pensheni, vyote vinaanzia mahali pamoja, nako ni kwenye orodha ya serikali ya kijiji au mtaa. Mzee ambaye hayumo kwenye orodha hiyo ni vigumu sana kumsaidia siku ameanguka, hata kama hali yake inaonekana kwa macho. Kazi kubwa ya familia, basi, ni kumwingiza kwenye orodha wakati bado anatembea na kuzungumza, na kuhakikisha karatasi zake zinakubaliana.

Msingi wa misaada hii ni Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, ambayo inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sera hiyo inaiweka familia kuwa mtunzaji wa kwanza wa mzee, na serikali huingia pale familia inaposhindwa au isipokuwepo. Ni vizuri kulielewa hilo kabla ya kwenda ofisini, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa na afisa ustawi wa jamii ni watoto wa mzee huyu wako wapi na wanafanya kazi gani. Vilevile, watu wengi wamesikia redioni kwamba wazee wa Zanzibar wanalipwa kila mwezi, wakadhani kuna fedha za Bara ambazo mtendaji wao anazificha. Zanzibar ilianzisha Pencheni Jamii mwezi Aprili 2016 kwa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa. Huo ni mpango wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na mzee wa Bahi au Mpwapwa haguswi nao.

Thibitisha umri kwanza

Wazee wengi wa mikoa yetu walizaliwa nyumbani, hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka uliomo kwenye vitambulisho vyao uliandikwa kwa kukadiriwa na karani aliyekuwa na foleni ndefu mbele yake. Matokeo yake ni kwamba mzee mmoja anaweza kuwa na miaka mitatu ya kuzaliwa: mmoja kwenye kadi ya mpiga kura, mwingine kwenye kitambulisho cha taifa, na mwingine kwenye kadi ya kliniki. Kabla ya kwenda popote, kusanya kila karatasi yenye jina lake, uzitandaze mezani, na uangalie kama jina na mwaka vinafanana. Angalia na herufi moja moja. Jina lililoandikwa Mazengo mahali pamoja na Mazengu mahali pengine linatosha kumrudisha mzee nyumbani.

Mama yangu mkubwa alikuwa na kitambulisho kilichosema amezaliwa mwaka 1971. Nilipokishika mkononi niliona wazi kwamba hakiwezi kuwa sahihi, kwa sababu binti yake wa kwanza alikuwa na cheti cha ubatizo cha mwaka 1960, maana yake kwa karatasi mama alikuwa mdogo kuliko binti yake kwa miaka 11. Tulikaa naye chini ya mti wa mbele ya nyumba, yeye, mdogo wake na mzee mmoja wa rika lake, tukahesabu. Hakujua mwaka wake, lakini alikumbuka alipokuwa mtoto upande wa Kongwa, akiwa amefikia kimo cha kupewa ndama awachunge, wakati matrekta ya mradi wa karanga yalipopita na watoto wote wakayakimbilia. Mradi wa karanga wa Kongwa ulianza mwaka 1947. Aliolewa kabla ya Uhuru, na wakati wa Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, walipohamishiwa kwenye kijiji kipya, alikuwa na watoto wanne na wa tano mgongoni. Kwa hesabu hiyo mwaka 1941 ulikaa mahali pake, na tukaona kwamba aliyeandika alikosea tarakimu moja tu, 4 ikawa 7.

Njia hiyo ya kuhesabu kwa matukio inafaa kwa mzee yeyote wa huku. Muulize alikuwa na ukubwa gani tulipopata Uhuru mwaka 1961, Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, Operesheni ya vijiji ilipopita, ilipotangazwa mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yatahamia Dodoma, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Usimuulize una miaka mingapi, maana atakutajia namba ya kukuridhisha tu. Muulize ulikuwa umeolewa, ulikuwa na mtoto gani mgongoni, ulikuwa unachunga au unalima. Andika majibu yake, kisha utafute karatasi ya kuyatia nguvu. Vitabu vya ubatizo vya parokia za zamani, Wakatoliki kama wa Bihawana na Waanglikana kama wa Mvumi, vimewasaidia wengi, na hata cheti cha mtoto wake mkubwa ni ushahidi mzuri, kwa kuwa mama hawezi kuwa amezaliwa baada ya mwanawe.

Ukishapata ushahidi, mpeleke mzee au ndugu anayemfahamu kwa wakili au hakimu ili iandaliwe hati ya kiapo ya kuzaliwa, kisha uombe marekebisho kwenye ofisi iliyotoa kitambulisho, ukiwa na hati hiyo, barua ya mtendaji wa kijiji na nakala za ushahidi. Marekebisho huchukua muda, na hiyo ndiyo sababu nasisitiza yaanze mapema. Ikiwa mzee hana kitambulisho cha taifa kabisa, mwandikishe, maana namba yake ya tarakimu 20 inadaiwa karibu kila mahali siku hizi, pamoja na kusajili laini ya simu ambayo ruzuku inaweza kupitia. Jambo moja dogo linalosumbua ni alama za vidole. Vidole vilivyosuguliwa na mpini wa jembe na mchi kwa miaka 60 mara nyingi havisomeki kwenye mashine. Kwa siku kadhaa kabla ya kwenda, mpake mafuta mikononi kila usiku, na asubuhi ya safari mwoshe kwa maji ya vuguvugu na kumkausha vizuri. Mashine ikikataa kidole kimoja, omba ajaribu vingine vyote kabla ya kuondoka.

Mwingize kwenye orodha ya kijiji au mtaa

Kijijini, anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, yeye akupeleke kwa mtendaji wa kijiji. Ndani ya Jiji la Dodoma, anza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa. Waombe wakuonyeshe kama jina la mzee limo kwenye orodha ya wazee waliotambuliwa, na kama halimo, omba liandikwe mbele yako. Usiridhike na jibu la "tunamfahamu". Kumfahamu mzee ni jambo jema, lakini orodha ndiyo inayopelekwa kwa mtendaji wa kata na baadaye kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kuandikwa hakulipiwi, na yeyote anayedai fedha ya fomu au ya mafuta ya pikipiki ili jina lipande halmashauri anafanya kosa.

Hapa ndipo panapotenganishwa mzee na mzee asiyejiweza, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanaamini kwamba kutimiza miaka 60 kunatosha kupata matibabu bure. Sera inasema juu ya wazee wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, kwa hiyo masharti ni mawili, umri na hali. Hali hupimwa na watu wanaomjua, yaani viongozi wa kitongoji na wajumbe wa Baraza la Wazee, ambalo limeundwa katika vijiji na mitaa mingi. Waeleze hali ya mzee kama ilivyo, kwa mambo yanayoonekana: anaishi na nani, nani anampikia, analima au halimi tena, ana mifugo mingapi, watoto wake wanatuma nini na kila baada ya muda gani, anaamka mwenyewe au anainuliwa. Usifiche mbuzi watatu walioko zizini, maana majirani wanawaona kila jioni, na familia ikibainika kudanganya kwa kidogo haitaaminiwa kwa kikubwa. Lakini pia usione aibu kusema kwamba mtoto aliyeko Dar es Salaam hajatuma chochote tangu mwaka juzi. Nimeona familia zikinyamaza jambo hilo kwa kulinda jina la mwana, na mzee akaandikwa kuwa ana mtu wa kumtunza.

Tumia pia mkutano mkuu wa kijiji. Kwa utaratibu wa serikali za vijiji mkutano huo unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kusema. Jina la mzee likitajwa mbele ya watu wote na kuingia kwenye muhtasari, haliwezi kupotea kirahisi kama karatasi ya mezani.

Kitambulisho cha matibabu na namna ya kukitumia

Halmashauri ikishapokea orodha, afisa ustawi wa jamii huihakiki, mzee hupigwa picha na kutolewa kitambulisho cha matibabu bila malipo. Baadhi ya halmashauri zimewakatia wazee wao kadi za Mfuko wa Afya ya Jamii badala ya kitambulisho cha peke yake. Aidha, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 imeweka utaratibu wa watu wasio na uwezo kugharamiwa bima, hivyo muulize afisa wako ni kadi ipi inayokubalika hivi sasa katika wilaya yako, na usidhani kwamba kadi aliyopewa jirani miaka michache iliyopita bado inafanya kazi. Halmashauri nyingi hugawa vitambulisho wakati wa maadhimisho ya Siku ya Wazee, tarehe 1 Oktoba, na ni vyema mzee awe ameshahakikiwa kabla ya siku hiyo.

Kitambulisho hakitumiki kwa kuruka ngazi. Mzee aanzie zahanati ya kijiji au kituo cha afya, na akihitaji zaidi aandikiwe rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma, ambayo wenyeji tunaiita General, na kwa matatizo makubwa zaidi Hospitali ya Benjamin Mkapa. Ukimbeba mzee kutoka kijijini moja kwa moja hadi hospitali kubwa bila barua ya rufaa, na si dharura, utaonekana umekwenda kama mteja wa kulipa. Ukifika, ulizia dirisha la wazee ili mzee asikae kwenye foleni ndefu. Na ikiwa mzee ameugua ghafla kabla kitambulisho hakijatoka, nenda kwenye ofisi ya ustawi wa jamii iliyopo ndani ya hospitali, ueleze hali yake na uoneshe barua ya mtendaji wa kijiji. Afisa huyo ndiye anayechunguza na kupendekeza msamaha wa gharama. Fanya hivyo siku ile ile ya kulazwa. Niliwahi kusubiri hadi siku ya kuruhusiwa, katika hospitali moja, bili ikiwa imeshaandikwa, na ilinichukua siku mbili za kuzunguka kutoka dirisha hadi dirisha huku mgonjwa wangu amekaa kwenye benchi na mizigo yake.

Msamaha wa gharama haumaanishi kwamba dawa zitakuwepo. Mara nyingi dawa za shinikizo la damu na kisukari huwa zimekwisha, na mzee huambiwa akanunue dukani. Muulize mganga kama kuna dawa mbadala iliyopo stoo inayofanya kazi ile ile, na uulize ni lini dawa zinatarajiwa kuletwa, ili umpange mzee aende wiki hiyo. Na ikiwa uchunguzi umeonyesha kwamba familia inajiweza kidogo, kwa hiyo mzee hakupewa msamaha, kumbuka kwamba Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulianzishwa mwaka 2018 kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na matibabu yake yalifika hadi ngazi ya hospitali ya mkoa. Ulizia utaratibu wake wa sasa ukiwa huko huko ofisini.

Kuna ugonjwa mmoja ambao familia nyingi hazimpeleki mzee hospitali kwa sababu yake, nao ni usahaulifu mkubwa wa uzeeni, pale mzee anapopotea njia ya nyumbani, kutowatambua wanawe, au kuwatuhumu watu kwamba wamemwibia. Watu husema amerogwa, au kwa ubaya zaidi husema yeye ndiye mchawi. Huo ni ugonjwa wa ubongo, na hapa Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, inayotoa huduma tangu mwaka 1927. Omba rufaa. Hata kama hakuna dawa ya kuurudisha ufahamu wake, maelezo ya daktari yanayosema kwamba mzee hawezi kuachwa peke yake yataipa nguvu kubwa taarifa ya afisa ustawi wa jamii katika maombi yanayofuata.

Ruzuku ya kaya maskini

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, haukuundwa kwa wazee peke yao, lakini ndio msaada wa fedha taslimu unaowafikia wazee wengi zaidi wa vijijini. Usiende ofisini kuuomba kama mkopo, kwa sababu kaya hutambuliwa kwa vipindi maalumu. Wawezeshaji kutoka halmashauri huja kijijini, mkutano wa hadhara hukubaliana ni dalili zipi za umaskini mkubwa, wananchi hutaja kaya zenye dalili hizo, kila kaya hujaziwa dodoso, na majina yaliyopita hurudishwa mkutanoni kuthibitishwa. Mzee ambaye siku hiyo hakuwa na mtu wa kumtaja hupitwa, na atasubiri hadi utambuzi mwingine. Kwa hiyo mwombe mwenyekiti wa kitongoji akupigie simu mapema akisikia wawezeshaji wanakuja, hata kama itakubidi upande basi la alfajiri kutoka mjini.

Msaada huu hupewa kaya, na neno kaya linahitaji kueleweka vizuri, maana limewakosesha wazee wengi. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mzee anayelala kwenye nyumba yake ya tembe lakini anakula kwa mwanawe aliye jirani atahesabiwa kwenye kaya ya mwanawe, na mwana akiwa na duka, bodaboda au ng'ombe, kaya nzima huonekana inajiweza. Nimeulizwa mara nyingi kama inafaa kumtenga mzee apikiwe peke yake ili aandikwe kaya yake. Jibu langu ni hapana, kwa sababu mzee anayekula peke yake huanza kula kidogo, kisha huacha kabisa, na hakuna ruzuku inayolipa hasara hiyo. Lakini ikiwa kweli anaishi peke yake, au anaishi na wajukuu walioachwa na wazazi wao, hakikisha anayejaza dodoso anaambiwa hivyo waziwazi, atajiwe jina na umri wa kila mjukuu, kwa sababu watoto wanaosoma na wanaohudhuria kliniki huiongezea kaya ruzuku.

Wakati wa dodoso, mtu anayemjua mzee akae naye. Wazee wetu wana heshima ya kutolalamika mbele ya mgeni. Kijana aliyeshika kishikwambi akiuliza, "Bibi, jana mmekula nini?" bibi atajibu kwamba wamekula vizuri, ugali na mlenda, hata kama mlenda huo ulikuwa wa juzi na yeye alimwachia mjukuu sehemu yake. Mweleze kabla kwamba kusema kweli juu ya njaa si kumtukana mwanawe.

Kaya ikishaingia, fedha hulipwa kwa kawaida kila baada ya miezi miwili, mkononi, benki au kwa simu. Kaya zenye watu wenye nguvu hushiriki ajira za muda, lakini mzee asiyejiweza hatakiwi kubeba mawe ya barabara, na akipangiwa kazi hiyo, mtendaji na mwezeshaji waelezwe. Kama malipo ni ya simu, laini isajiliwe kwa jina la mzee, na namba ya siri ajue mtu mmoja aliyechaguliwa na mzee mwenyewe mbele ya ndugu wengine. Ugomvi mwingi wa ruzuku unatokana na simu ya mjukuu. Mzee anayenyang'anywa fedha zake, au anayepigwa kwa ajili ya fedha hizo, apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hata kama mkosaji ni mtoto wa kuzaa.

Makazi ya wazee

Serikali ina makazi ya wazee wasiojiweza katika mikoa kadhaa, na kwa watu wa kanda yetu yanayotajwa zaidi ni Sukamahela, wilayani Manyoni, mkoa wa Singida. Mengine ni kama Ipuli mkoani Tabora, Fungafunga mkoani Morogoro na Nunge jijini Dar es Salaam. Huko mzee hupewa malazi, chakula, mavazi na matibabu bila familia kulipa. Lakini makazi haya ni kimbilio la mwisho. Yanampokea mzee asiye na ndugu wa kumtunza au aliyetelekezwa kabisa, na hayapokei mzee ambaye watoto wake wamechoka. Ni masharti makali, ila nayaona ni ya haki, kwa sababu nafasi ni chache na wapo wazee wanaolala kwenye vibaraza.

Maombi hayaanzii kwenye makazi yenyewe, na kumpeleka mzee langoni na kumwacha hapo ni kumdhalilisha. Serikali ya kijiji au mtaa huandika barua ya kueleza hali yake, barua hupita kwa mtendaji wa kata, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri hufanya uchunguzi wa kijamii. Atamtembelea mzee, atazungumza na majirani, na atawatafuta ndugu, hata wa mbali, kwa sababu kumrudisha mzee kwa ndugu zake ndiyo hatua ya kwanza atakayoijaribu. Mpe majina na namba za simu za ndugu wote bila kuruka mtu. Kumficha ndugu mmoja huchelewesha maombi yote atakapogundulika. Baada ya uchunguzi, taarifa hupelekwa ngazi za juu kwa uamuzi, maana makazi yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Na mzee mwenyewe lazima aulizwe. Bibi aliyezoea kusalimiwa "mbukwa" na kila anayepita mlangoni pake anaweza kukataa kitanda na godoro la kigeni, na ikiwa akili zake ni timamu, neno lake ndilo la kwanza.

Wakati majibu yanasubiriwa, mwombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii amwingize mzee kwenye wagonjwa anaowatembelea nyumbani. Mzee mwenye ulemavu aandikishwe pia kwenye kundi la watu wenye ulemavu, ambao hupatiwa viti mwendo na vifaa vingine vinapopatikana. Baadhi ya parokia na mashirika ya dini hutunza wazee wachache, na afisa ustawi wa jamii huwa anayafahamu yaliyo karibu.

Mzee aliyewahi kuajiriwa

Kwa mstaafu mambo ni mepesi zaidi. Mifuko ya watumishi wa umma, PPF, PSPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, wenye makao makuu hapa Dodoma, na waliokuwa sekta binafsi wako NSSF. Pensheni inapokatika ghafla, mara nyingi sababu ni kwamba mzee hakufanya uhakiki, yaani kuuthibitishia mfuko kwamba bado yuko hai. Uhakiki unaweza kufanyika kwa simu janja, na kazi hiyo ni ya mjukuu, ila mzee mwenyewe awepo kwa ajili ya kupigwa picha ya sura. Mstaafu aliyekuwa mchangiaji wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, akiwa kazini huendelea kutibiwa, yeye na mwenza wake, kwa masharti ya mfuko huo, na wapo wajane wanaolipia dawa mfukoni bila kujua kwamba jina lao lilikuwa kwenye kadi ya marehemu.

Ukikataliwa

Jina likiachwa, omba sababu. Kama ni umri, rudi kwenye karatasi. Kama ni hali, omba Baraza la Wazee na mwenyekiti wa kitongoji wamtembelee mzee nyumbani, asubuhi, kabla hajavishwa nguo nzuri. Kama mtendaji wa kijiji hasikii, nenda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na mwishowe kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa barua. Barua iwe ya ukurasa mmoja, yenye jina la mzee, kitongoji, kijiji, kata, mwaka wa kuzaliwa, anaishi na nani, hawezi kufanya nini, na msaada mmoja unaouomba. Ukiomba kitambulisho, kiti mwendo, ruzuku na nyumba katika barua moja, hakuna ofisi itakayoiona kuwa ni yake. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uandike jina la aliyeipokea.

Kwa mama yangu mkubwa, barua iliyofanya kazi ilikuwa ya tatu, ile tuliyoiambatanisha na cheti cha ubatizo cha binti yake. Kitambulisho chake cha matibabu kilipotoka kiliandikwa 1941, na siku ya kwanza kukitumia zahanati alikishika mkononi njia nzima, juu ya baiskeli, akakataa nisikitie mfukoni.